UFUNDI GANI AJIFUNZE KIJANA?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu mikono miwili na akili ya kuiongoza. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baad.

Katika miji ya pwani, tangu Lamu hata Kilwa, kuna maradhi ya zamani ambayo watu wameyazoea hata hawayahisabu tena kuwa ni maradhi. Mlango wa nakshi husifiwa na kila apitae, lakini jina la aliyeuchonga halimo vinywani mwa watu. Jahazi lililoundwa Matondoni hujulikana kwa jina la mwenye mali, wala si kwa jina la fundi aliyeinamia mbao zake na tezo mkononi miezi mingi. Fundi hutafutwa usiku na mchana maadamu paa lavuja, paa likiisha kuzibwa, na huyo fundi akaleta posa kwa ajili ya mwanawe, wenye nyumba huulizana, "Huyu si yule fundi?" Maneno hayo ni mepesi ulimini, na mbele ya Mwenyezi Mungu ni mazito.

Na ichukuliwe mfano huu, ambao si wa mtu mmoja maalumu bali ni wa wengi. Yuko mzee wa Pangani, mtu wa sala na heshima, ambae mwanawe alimaliza kidato cha nne na alama zake hazikumpeleka mbele. Miaka miwili kijana amekaa barazani. Baba yake angoja apate kazi ya kukaa kitini, mahali penye meza na feni. Na kila mwezi hutokea mtu wa kuahidi kwamba atazungumza na mkubwa fulani. Ami yake kijana ana duka Kizwite, katika mji wa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani. Ami huyo akapiga simu, akasema: "Kaka, niletee mtoto. Huku mafundi wanatafutwa. Achague atakalo kufundishwa. Chakula na malazi ni juu yangu." Kijana alipoulizwa akajibu, "Baba, mimi nataka kujifunza kuchomelea vyuma."

Mzee akanyamaza kwa muda. Kisha akasema mambo mawili: kwamba katika ukoo wao hakujapata kuwa na mhunzi, na kwamba Sumbawanga si mahali pa kupeleka mtoto.

Hili la pili lianzwe, kwa kuwa ni jepesi. Watu wa pwani wakilisikia jina la Sumbawanga hutaja uchawi, wakacheka kwa midomo na moyoni wakaogopa. Nao wenyeji wa mji huo husema kwamba maana ya jina lenyewe ni kutupa uchawi, yaani aingiae autupe nje kwanza. Basi mji umeitwa kwa kuukataza uchawi, na watu wa mbali wakaufanya kuwa ndio kwao uchawi! Na mwenye kuogopa ramli na hirizi hana haja ya kupanda basi mpaka Ufipa kuzitafuta. Aangalie nyuma ya nyumba yake mwenyewe, atamkuta mganga amekaa na kitabu chake, na mlangoni mwake wamepanga viatu watu wa safu ya mbele msikitini. Kinachomdhuru kijana ni kukaa bila kazi, na hicho kiko Pangani.

Hilo la kwanza ndilo lenye mizizi. Na ajue mzee huyo, na kila mzazi aliye kama yeye, kwamba chuma kimetajwa ndani ya Qur'ani hata sura nzima ikaitwa kwa jina lake, nayo ni Suratul Hadid. Na humo zimetajwa nguvu zilizomo katika chuma na manufaa wayapatayo watu kwacho. Na katika Suratu Saba imeelezwa neema aliyopewa Nabii Daudi, naye alikuwa mfalme: alilainishiwa chuma, akaamrishwa afanye nguo za vita za chuma, na apime sawasawa katika kuunganisha pete zake. Na yafaa kutazamwa kwamba aya hiyo haikuishia katika kuitaja kazi, bali ilifika hata kwenye kipimo. Mfalme, tena Mtume, aamrishwa na Mola wake asikosee kipimo cha pete ya chuma! Na Bukhari amepokea kwamba Mtume wa Mwenyezi Mungu alikitukuza chakula akipatacho mtu kwa kazi ya mkono wake kuliko chakula chochote, na mfano alioutoa ni huyo huyo Daudi.

Khabbab bin Al-Aratt, katika wa mwanzo kusilimu Makka, alikuwa mhunzi. Al-As bin Wail alidaiwa na Khabbab ujira wa kazi yake, akasema hamlipi mpaka amkanushe Muhammad. Khabbab akakataa katakata, na aya za Suratu Maryam zikashuka juu ya jambo hilo. Na Mtume alipompata mwanawe Ibrahim huko Madina, alimpeleka kunyonyeshwa kwa mke wa mhunzi aitwae Abu Sayf. Imo katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume alipokwenda kumtazama mwanawe, Abu Sayf alikuwa akivukuta moto wake na nyumba imejaa moshi, hata Anas bin Malik akatangulia mbio kumwambia azuie, kwani Mtume amefika. Mtoto wa Mtume alinyonyeshwa penye moshi wa mhunzi. Mtoto wa Pangani atapungukiwa na nini?

Wako wasemao kwamba Mtume amemfananisha rafiki mbaya na mwenye kuvukuta mivukuto, na rafiki mwema na muuza miski. Basi, wasema, uhunzi umelaumiwa. Hawa hawakufahamu. Mfano ule ni wa cheche na wa harufu, kuonya watu juu ya wanaokaa nao. Lau ungalikuwa ni hukumu ya kazi, Mtume asingalimtia mwanawe katika nyumba ya Abu Sayf.

Lakini kuondoa aibu siko kuchagua. Aibu ikiondoka hubakia swali lenyewe: katika kazi zote za halali, kijana ashike ipi? Aungane na waashi, au maseremala, au mafundi wa umeme, wa mabomba, wa pikipiki, wa cherehani? Wengi hulijibu swali hili kwa kuuliza ipi ina fedha. Na wengine kwa kuuliza rafiki yangu amekwenda wapi. Wanavyuoni wamelijibu kwa njia nyingine. Imam Ghazali katika Ihya ameeleza kwamba kazi ambazo maisha ya watu hayasimami bila ya hizo, kama kulima na kufuma na kushona, na hata kuumika chuku, ni fardhi kifaya: mji mzima ukikosa mtu wa kuifanya mojawapo, watu wake wote wamo katika dhambi, na wakisimama wa kutosha, waliobakia wamevuliwa lawama. Mwenye kuzingatia maneno haya ataona kwamba kuchagua ufundi ni kutafuta pengo lililo wazi katika ukuta wa watu na kwenda kusimama hapo. Mtaa wenye mafundi kumi wa milango ya chuma, na usio na hata mmoja awezae kuitengeneza mashine ya kusaga ikivunjika, fardhi yake imesimama kwa milango na bado ingali shingoni kwa mashine.

Na Ufipa ni mahali panapolifundisha jambo hili kuliko pengi. Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma wenyewe kutoka katika mawe ya nchi yao. Walijenga tanuri la udongo lililoitwa ilungu, lenye kimo cha mita 3 hivi, wakalijaza makaa na mawe ya chuma. Na halikuvukutwa kwa mivukuto, bali mabomba ya udongo yaliyozunguka chini yake yaliuvuta upepo yenyewe, moto ukafanya kazi. Kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto, ndipo mhunzi akakipokea kwa nyundo akafanya majembe na mashoka. Magofu ya matanuri hayo yangali yamesimama mahali pengi katika uwanda huo. Hapana shaka walichanganya na kazi hiyo dawa na miiko ambayo Muislamu haimjuzii; lakini ubaya wa dawa ni ubaya wa dawa, na ujuzi wa moto na udongo ni ujuzi. Hakimu mwadilifu huvitenga viwili hivi.

Ujuzi huo ulikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Haukukoma kwa kuwa mikono ya Wafipa ilidhoofika. Majembe ya viwandani yaliletwa kutoka ng'ambo kwa bei ndogo, na mtu akaona ni taabu bure kukata miti ya makaa na kujenga tanuri kwa ajili ya kitu kinachouzwa dukani. Ndivyo ilivyokuwa kwa wafumaji wa pamba wa bonde la Rukwa, na ndivyo ilivyokuwa pwani pia, ambako nguo zilifumwa tangu kale mpaka merikani ikaja katika karne ya 19 ikazifunika. Waliosalia ni wale wahunzi waliokubali kuacha tanuri na kuchukua vyuma chakavu, wakavifua kuwa vile watu walivyohitaji siku hiyo. Kwa hiyo kijana asiupende ufundi kwa kuwa babu aliufanya, wala asiukatae kwa kuwa babu hakuufanya. Atazame haja ya watu wa leo.

Na haja ya Ufipa ya leo yaonekana kwa macho. Ni nchi ya mahindi. Ng'ombe huvuta plau na mikokoteni. Mahindi hukobolewa na kusagwa kwa mashine. Watu hupanda pikipiki, na nyumba hujengwa kwa tofali za kuchoma. Kila kimoja katika hivyo huvunjika, na kikivunjika wakati wa kulima au wa kuvuna, mwenyewe hana subira ya kungoja. Basi ami wa kijana asimkabidhi kwa fundi siku ya kwanza. Amwache siku saba atembee Kizwite na sokoni, ahisabu vitu vilivyolala vimeharibika na aulize kila kimoja kimelalia nini. Siku saba hizo zitamfaa kuliko mashauri ya miaka miwili barazani.

Kisha kuna mkono wenyewe. Mwenyezi Mungu hakuwaumba watu kwa mkono mmoja. Kuna asiyeweza kusimama juu ya kenchi bila ya kutetemeka magoti, na huyu akifanywa mwezekaji atakuja kuanguka. Kuna mwenye macho dhaifu, na kuchomelea vyuma ni kazi ya macho: mwanga wake hata ukitazamwa kwa dakika chache bila ya kinga, usiku macho huwasha kama yaliyotiwa mchanga, na mwenye kuzoea kuutazama hivyo hujiletea dhara kubwa zaidi. Wako mafundi wanaowacheka wanagenzi wavaao ngao ya uso, wakasema huo ni uoga. Hayo ni maneno ya ujinga. Mwili ni amana, na kujitupa katika maangamizo kumekatazwa katika Suratul Baqara. Asiyekuwa na ngao, glavu na viatu vya ngozi asishike kijiti cha kuchomelea, hata fundi akikasirika.

Wengine huuliza: je, istikhara? Naam. Jabir bin Abdillahi ameeleza kwamba Mtume alikuwa akiwafunza istikhara katika mambo yote kwa uangalifu ule ule aliowafunzia sura za Qur'ani, na kazi ya umri mzima ni katika makubwa ya mambo. Lakini watu wameigeuza istikhara kuwa ni kungoja ndoto. Kijana husali rakaa mbili, akalala, akaota kuku mweupe, akaenda kwa mtu kumfasiria kuku. Katika dua yenyewe hamna ndoto. Mna kumtaka Mwenyezi Mungu alirahisishe jambo likiwa ni kheri na aliepushe likiwa ni shari. Basi asali, ashauriane na wajuao, kisha aanze. Njia ikimfungukia aendelee. Ikifungwa, ndilo jibu lake, na arudi kwa adabu.

Na wazazi wana deni lao katika jambo hili, nalo husahauliwa. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Anas habari ya mtu wa Madina aliyekuja kwa Mtume kuomba. Mtume hakumpa sadaka, wala hakumfukuza. Alimuuliza nyumbani ana nini. Akajibu ana nguo moja nzito, nusu huivaa na nusu huitandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akaviagiza, akavishika kwa mkono wake, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akasema dirhamu moja, naye akauliza nani atazidisha, hata mwingine akavitwaa kwa dirhamu mbili. Dirhamu moja ikawa ya chakula cha watoto, na ya pili akaamrishwa anunue shoka alilete. Alipolileta, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia aende akatafute kuni auze, wala asimwone kwa siku 15. Alirudi ana dirhamu kumi.

Wahubiri wengi huisoma habari hii kwa ajili ya kuwakemea waombaji, kisha wakaifunga. Lakini yumo ndani yake mtu mwingine zaidi ya mwombaji, nae ni mwenye kutia mpini. Mtume hakumwambia yule mtu "kafanye kazi" akamwacha na mikono mitupu. Alitazama mali aliyo nayo, akaifanya chombo, alitazama haja ya watu wa Madina, nayo ilikuwa kuni, akaweka muda, akafunga mpini. Baba apigae kelele kwamba mwanawe ni mvivu, na hajamnunulia hata nyundo, amechukua nusu ya sunna. Fedha za kukodi viti mia na mapambo ya harusi ya siku moja hupatikana. Za msumeno wa chuma, tupa na jiliwa hazipatikani!

Yabakia mapatano na fundi. Sheria ya ijara yataka kazi ijulikane, muda ujulikane na ujira ujulikane, na mambo ya uanagenzi yamekuwa yakiharibika kwa kuachwa hewani kwa ajili ya kuoneana haya. Mtoto hupelekwa kwa fundi kwa maneno ya "mchukue kama mwanao," na baada ya miaka mitatu angali akifagia na kununua chai. Basi iandikwe: atafundishwa nini katika mwaka wa kwanza, nini katika wa pili, posho yake ni kiasi gani, akiunguza chombo nani alipe, na adhuhuri na Ijumaa ataachwa aende kusali. Serikali nayo ilitunga sheria ya uanagenzi tangu mwaka 1940, na mwaka 1994 ikapitishwa sheria iliyoianzisha VETA, yenye vyuo vya ufundi stadi katika mikoa; na aliyejifunza gereji au chini ya mti aweza kupimwa ujuzi wake na chuo hicho akapewa cheti. Asiidharau karatasi hiyo. Siku ya zabuni ya madawati ya shule, ataulizwa cheti kabla ya kuulizwa jina.

Na akiisha kuwa fundi, hapo ndipo mtihani wenyewe huanza. Bomba la chuma la geji 18 ni jembamba kuliko la 16, na likiisha kupakwa rangi mteja hawezi kuyatenganisha. Fundi peke yake ndiye ajuae, na Malaika wawili. Fedha ya kuanzia kazi ya mtu mmoja ikinunuliwa vyuma vya mtu mwingine, hiyo ni amana iliyovunjwa, hata kama kila mtu sokoni hufanya hivyo. Na "njoo kesho," ambayo fundi huisema naye ajua kuwa kesho hatakuwa amegusa kitu, ni uwongo kama uwongo mwingine. Haukuhalalika kwa kuwa umesemwa na mtu mwenye nyundo. Atajiwa pia na mtu atakae kuchomelewa mtambo wa gongo, na atalipwa vizuri kuliko kwa plau. Hapo akumbuke kwamba laana ya pombe haikuishia kwa mnywaji.

Yule kijana wa mfano alikwenda. Alifika Kizwite katika baridi ya mwezi wa Juni, akatembea siku zake saba kama alivyoshauriwa, kisha akampigia baba yake. "Baba, shikamoo. Wa milango na madirisha huku wamejaa. Lakini kuna mzee mmoja atengenezae plau na mashine za kusaga, na watu wamempangia foleni. Hana wa kumsaidia. Nataka kwa huyo." Mzee akauliza, "Na chuma?" Akajibu, "Ni chuma kile kile, baba, ila chahitaji kipimo."

Ami akaitwa kwenye simu. Mzee akamwambia: "Ndugu yangu, mkalishe na huyo fundi, muyaandike. Na Ijumaa iandikwe." Keshoye akapanda gari mpaka Tanga, akaingia katika duka la vyombo vya mafundi, akataka ngao ya uso na glavu za ngozi. Mwenye duka akamuuliza ni za nani. Akajibu kwamba ni za mwanawe, fundi wa vyuma huko Kizwite. Akaziangalia za bei mbili alizowekewa, akachagua zilizo nzito.

Wabillahi tawfiq.